Moshi wa Kegonga ni wa nani?

MSOMAJI mmoja wa ukurasa huu, mama anayeishi mtaa wa Umoja jijini Nairobi, ameniandikia barua ya kurasa mbili. Analalamika kuwa mwanawe wa miaka minne anakohoa usiku kucha, kwamba mvua siku hizi hainyeshi inapotarajiwa na ikinyesha inafurika hadi mlangoni, na kwamba chanzo cha haya yote ni watu wa mashambani wanaokata miti ovyo na kuchoma makaa. Ananiomba niandike makala ya kuwakanya. "Waambie," asema, "hewa wanayoichafua ni yetu sote."

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Kuhusu mtoto, tafadhali mpeleke kliniki wiki hii wala usingoje. Kikohozi cha usiku kisichokoma hakina budi kupimwa, na nitalirudia jambo hilo hapo chini kwa sababu huenda sehemu ya jibu iko jikoni mwako. Kuhusu kuwakanya watu wa mashambani, naomba uniwie radhi. Siwezi. Mimi ni mmoja wao.

Nilizaliwa karibu na Kegonga, Kuria Mashariki, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori. Ukitoka mjini Migori unapita Kehancha, kisha unazidi kuelekea mashariki, mpaka wa Tanzania ukiwa upande wako wa kulia na nchi ya Trans Mara mbele yako. Ni nchi ya juu, yenye udongo mzuri na baridi ya asubuhi. Mahindi yanastawi, ndizi zinastawi, wimbi unastawi. Hata hivyo, zao lililotulipia karo sisi halikuwa lolote kati ya hayo. Lilikuwa tumbaku.

Tumbaku ilipoenea Migori na Kuria kuanzia miaka ya 1970, haikuletwa kwa nguvu. Ilikuja na mbegu na mbolea za mkopo, ikaja na bwana shamba aliyefika kwa pikipiki hadi uani, na zaidi ya yote ilikuja na mnunuzi. Fikiria jambo hilo, wewe unayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Mahindi ukiyavuna wakati kila mtu amevuna, bei huanguka, na mfanyabiashara kutoka mbali hukupimia kwa gorogoro lililogongwa kitako kikatokeza nje. Ndizi huoza barabara ikiharibika kwa mvua. Jani la tumbaku likikaushwa vizuri haliozi, na kuna mtu aliyeahidi kulinunua. Mkulima wa kwetu hakuwahi kuipenda tumbaku. Alichopenda ni kujua kwamba mwezi fulani atashika pesa.

Lakini jani hilo lazima likaushwe. Ipo aina inayokaushwa kwa moto wa kuni ndani ya banda, na moto huo si kama wa kupikia ugali. Huwaka siku tano, sita, hata saba, mchana na usiku, bila kuzimika. Ukizimika, jani huharibika na kazi ya msimu mzima imekwenda. Kwa hiyo mama alikuwa akilala pale bandani juu ya gunia, akiamka kila saa kuchochea kuni. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka hadi mwaka. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchuma na kufunga majani kwenye fito. Tulianza alfajiri, majani yakiwa bado na umande, nguo zikatulowa hadi kifuani. Ikifika saa nne asubuhi mmoja wetu angeanza kuona kizunguzungu, kichwa kikimgonga, kisha anatapika. Mama alisema ni malaria na alitupa dawa ya malaria. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba nikotini iliyo ndani ya jani bichi huyeyuka katika umande na kupenya ngozini, na kwamba ugonjwa ule unajulikana na wataalamu kwa jina lake. Miaka yote ile tulimeza dawa za mbu kwa kosa la jani.

Siku ya kuuza, karani wa kampuni moja, ambayo haina haja ya kutajwa hapa, alilitazama jani, akalipa daraja, akakata mkopo wa mbolea, akakata mkopo wa mbegu, akakata dawa ya kunyunyizia. Baba alirudi na kikaratasi. Msimu mmoja alirudi akiwa bado na deni. Na katika kikaratasi hicho, msomaji, hapakuwa na mstari wa kuni. Hapakuwa na mstari wa usiku wa mama wala wa matapishi yetu. Vitu hivyo havikulipiwa, kwa hiyo havikuhesabiwa, na kitu kisichohesabiwa hutumiwa bila huruma. Hapo ndipo miti ya kwetu ilipokwenda.

Sasa tuje kwenye hewa unayoilalamikia. Kuni, makaa, petroli, dizeli au makaa ya mawe yanapoungua hutoa hewa ya ukaa, nayo ikizidi angani hulishika joto la dunia kama blanketi. Mti ukikatwa na mwingine ukapandwa mahali pake, mti mpya huivuta hewa ile na kuirudisha ndani ya gogo. Usipopandwa, hewa hiyo hubaki juu. Kila nchi siku hizi hufanyiwa hesabu: imetoa tani ngapi kwa mwaka?

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 kuhusu madhara ya tumbaku kwa mazingira. Lilisema biashara ya tumbaku, tangu shambani hadi kisigara kinapotupwa chini, hutoa hewa inayolingana na tani milioni 84 za ukaa kwa mwaka, na kwamba miti kiasi cha milioni 600 hukatwa kila mwaka kwa ajili yake. Weka tarakimu hiyo kando ya nyingine. Kenya nzima, pamoja na magari, viwanda, mashamba, ng'ombe na misitu yake, ilihesabiwa kutoa kiasi cha tani milioni 94 mwaka 2015. Yaani sigara za dunia peke yake zinakaribia kutoa moshi wa nchi yetu nzima.

Na sehemu ya moshi wa sigara hizo imeandikwa katika daftari la Kenya kwa sababu mti uliochomwa ulikuwa Kegonga. Sigara yenyewe huenda ilivutwa katika baa ya Nairobi, au ilivuka mpaka. Faida iligawiwa wenye hisa. Kukohoa walikohoa wengi, mvutaji akiwa mmojawapo. Lakini mti, na lawama ya mti, vimebaki kwetu. Ndiyo maana nauliza moshi huu ni wa nani.

Kuna Mjapani mmoja, Yoichi Kaya, aliyewarahisishia watu hesabu hii. Alisema ukitaka kujua nchi itatoa hewa kiasi gani, uliza maswali manne. Watu ni wangapi? Kila mmoja ana pato kiasi gani? Pato hilo linatumia nishati kiasi gani? Na nishati yenyewe ina ukaa kiasi gani? Zidisha, utapata jibu. Ni hesabu nzuri na inafundishwa ulimwenguni kote. Inaonyesha, mathalani, kwa nini kusema "Waafrika wanazaana mno, ndiyo maana dunia inapata joto" ni kuangalia swali la kwanza na kuyafumbia macho matatu. Ukihesabu moshi wa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mkenya mmoja kwa wastani hatoi hata nusu tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa kama tani 14. Qatar ni zaidi ya tani 30. Nyumba yenye watoto wanane kule Kegonga haiwezi kuifikia familia ndogo yenye magari mawili na mashine ya kupoza hewa katika kila chumba.

Ningekuwa mwanasiasa ningeishia hapo na kupigiwa makofi. Lakini umaskini haustahili sifa kwa kuwa moshi wake ni mdogo, na hapa nataka tuelewane. Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka 1991, viwanda vya Urusi vilifungwa kwa mamia na hewa ya ukaa ya nchi ile ikapungua sana. Kwa hesabu ya tani, hayo yalikuwa maendeleo. Lakini mshahara ulikatika, hospitali zikakosa dawa, pombe ikatawala, na kufikia mwaka 1994 wastani wa umri wa kuishi wa mwanamume wa Kirusi ulikuwa umeshuka hadi kama miaka 57. Hakuna daktari ambaye angeandika dawa ya namna hiyo.

Uingereza nayo ilipunguza. Mwaka 1990 kila Mwingereza alihesabiwa zaidi ya tani 10, na leo ni chini ya 5. Waliachana na makaa ya mawe kidogo kidogo, hata kituo chao cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa hayo, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Hiyo ni kazi ya kweli. Lakini tuseme na lililo upande wa pili wa sarafu: viwanda vyao vingi vilihamia Asia, na bidhaa zikarudi London kwa meli, moshi ukiwa umebaki kwa jirani. Nasi wa Kegonga tunaufahamu mchezo huo.

London ina somo jingine ambalo ningependa mama wa Umoja alifikirie. Desemba 1952 ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa meko uliufunika mji ule kwa siku tano. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kufa wakati huo, na wachunguzi wa baadaye wamesema huenda ni 12,000. Moshi ule ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka majumbani. Makaa ya mawe yaliyo mazuri yalikuwa yakiuzwa nchi za nje ili kulipa madeni ya vita, na wananchi wakauziwa yaliyo duni, yenye moshi mwingi, kwa sababu yalikuwa rahisi na hayakuwekewa mgao. Hawakuwa wajinga, walikuwa na baridi na mifuko mitupu. Na serikali, ilipotunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, haikuishia kuwakanya. Iliweka utaratibu wa kumrudishia mwenye nyumba sehemu kubwa ya gharama ya kubadili meko yake.

Sisi tumefanyaje? Hebu tukumbushane, maana sahau ya Wakenya ni kubwa. Mwaka 2016 gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya VAT. Vyema. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na bei ya makaa ikaruka juu. Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, eti walanguzi wasiyachanganye na dizeli. Mama wa Mathare aliyekuwa akipikia stovu akajikuta amefungiwa mlango wa makaa na wa mafuta ya taa mwaka mmoja. Basi angalau gesi? Julai 2021 gesi ikarudishiwa kodi ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Mwaka huohuo wa 2023 marufuku ya kukata miti nayo ikaondolewa.

Mtu akibadilishiwa bei ya moto namna hiyo, je, utamlaumu akiweka jiko la makaa uvunguni hata kama amenunua mtungi? Mimi simlaumu. Ametumia akili.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya, asilimia 55, zinapikia kuni. Gesi ilikuwa karibu asilimia 24, makaa kama 12, mafuta ya taa kama 8. Umeme haukufika hata nyumba moja kati ya 50. Na hii ni nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua! Tuna umeme msafi kupita ule wa mataifa mengi tajiri, halafu tunapikia magogo. Serikali imeweka shabaha kwamba kila nyumba iwe na njia safi ya kupikia kufikia mwaka 2028. Nitafurahi ikitimia. Ila shabaha hainunui mtungi.

Nina ushahidi wa mtungi mmoja. Shangazi yangu angali anaishi Kegonga. Ana umri wa miaka sitini na kitu, kifua chake kinalia kama mlango wenye bawaba kavu, na jicho moja limeanza kuingia ukungu. Daktari alimwambia ni moshi. Mimi, mtoto wa mjini mwenye pesa kidogo na majuto mengi, nikamnunulia mtungi wa kilo sita na kichomeo chake, nikapiga na picha. Nilirudi baada ya miezi mitano. Mtungi ulikuwa chumbani, umefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu yake pamewekwa redio.

"Shangazi, mbona huutumii?"

"Nautumia, mwanangu. Wageni wakija nachemshia chai."

Nilikasirika, nikaanza kumhubiria juu ya mapafu. Akanisikiliza hadi mwisho, ndivyo alivyo. Kisha akaniuliza swali moja: kuujaza ni zaidi ya shilingi elfu moja na nauli ya bodaboda juu yake, nani analipa? Pesa za nyumbani zinashikwa na mjomba. Mjomba si mtu mbaya, ila hajawahi kuketi jikoni zaidi ya dakika kumi tangu azaliwe, na machoni pake kuni ni za bure. Ni kweli kwamba hazilipiwi shilingi. Zinalipiwa kwa mgongo wa shangazi na mapafu yake.

Nikatoka nje nikanyamaza. Hesabu ya yule Mjapani ina maswali manne, na mimi hapo nilipata la tano, ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha nchi wala cha dunia: mfuko unashikwa na nani, na anayesimama mbele ya moto ni nani? Watu hao wawili wakiwa ni mtu mmoja, moto hubadilika upesi. Wakiwa ni wawili, mmoja hutoa pesa na mwingine huvuta moshi, na moto unaweza kukaa vilevile miaka mia.

Usidhani hili ni la Wakuria tu. Hata ng'ombe, ambao hewa ya matumbo yao imo katika daftari la nchi, kwetu ni mahari, ni benki na ni heshima ya mwanamume. Kumwambia mtu apunguze ng'ombe kwa sababu ya hali ya hewa ni kumwambia afunge akaunti na avunje posa ya mwanawe. Atakuitikia kwa adabu na kesho ataongeza ndama. Mpe kwanza mahali pengine pa kuweka akiba panapoaminika.

Na kiasi cha malipo nacho kina maana. Katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, watu walipewa nafasi ya kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, kadiri ya walichopata siku hiyo. Watafiti waliowafuatilia wakati wa korona mwaka 2020, pato lilipopungua ghafla, waliona kwamba karibu wote waliendelea kuitumia. Ni watu walewale tunaoambiwa hawajaelimika kuhusu moshi. Elimu walikuwa nayo. Kilichokosekana ni gesi inayopimwa kama unga.

Sasa, dada yangu wa Umoja, turudi kwako na kwa mtoto, maana huu ni ukurasa wa afya na sitaki ukose dawa yako. Barua yako inasema unapikia makaa "ili kuokoa gesi". Makaa yale, kabla ya kufika kwa muuzaji wako, yalikuwa kuni, na katika tanuri la udongo kuni kilo 10 mara nyingi hazitoi makaa zaidi ya kilo 2. Kwa hiyo gunia moja mlangoni pako ni rundo kubwa la miti mahali usipopaona. Mchomaji amechoma, ni kweli, lakini alichoma kwa sababu wewe utanunua. Simlaumu, wala sikulaumu wewe. Nakuomba tu usimtazame kama mtu wa sayari nyingine.

Makaa hayaonyeshi moshi mwingi kama kuni, na ndiyo hatari yake, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usilale na jiko la makaa ndani hata kama kuna baridi ya Julai. Familia nzima zimekutwa zimekufa kwa kosa hilo. Washia jiko nje, uliingize likishakolea, upike karibu na dirisha lililo wazi, na ulitoe ukimaliza. Mtoto asikae mgongoni wala miguuni pako unapopika. Uloweke maharagwe usiku kucha na ufunike sufuria, utaokoa karibu nusu ya moto, na huenda ukaona gesi si ghali ulivyodhani. Na mtoto akipumua haraka haraka, au kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usiende kliniki kesho, nenda sasa hivi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Nimonia ndiyo iliyowabeba wengi wa hao wadogo.

Kama kuna mvutaji wa sigara katika nyumba hiyo, nalo ulitaje kwa daktari. Hukuliandika, lakini kwa tajriba yangu barua nyingi za vikohozi huacha mstari huo.

Nilikuahidi kwamba sitawakanya watu wa kwetu, na badala yake nitakueleza wanachofanya. Katika miaka ya hivi karibuni serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani walianza Migori mradi wa kuwasaidia wakulima waiache tumbaku. Hawakuanza kwa mahubiri. Walianza na mbegu ya maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mafunzo, na soko. Hata kauli mbiu ya siku ya kupinga tumbaku ya 31 Mei 2023 ilihusu kulima chakula badala ya tumbaku. Maharagwe hukomaa kwa takriban miezi mitatu, hayahitaji banda la moto, mkulima anaweza kuyala, na chuma chake ni msaada kwa wanawake wenye upungufu wa damu, ambao wakati wa ujauzito ndio wanaopotea mbele ya macho yetu. Mti unabaki umesimama bila hata kutajwa. Katika daftari la nchi, tani kadhaa zinafutika, wala hakuna aliyehubiriwa kuhusu blanketi la angani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sera ya hewa iliyo bora kuliko mabango yote niliyowahi kuona ukutani mwa ofisi, kwa sababu inaanzia pale tumbaku ilipoanzia: kwa mnunuzi. Wasiwasi wangu ni mmoja. Mradi una mwisho, na kampuni za sigara hazina haraka. Siku mnunuzi wa maharagwe asipokuja, gari la tumbaku litakuwa limeegeshwa palepale, likiwa na mbolea ya mkopo.

Shangazi ameacha tumbaku. Msimu uliopita alipanda maharagwe katika kipande ambacho mjomba alikubali kiwe chake, na pesa zake anazishika mwenyewe. Niliposikia hivyo nilimuuliza juu ya mtungi. Akasema umejazwa mara mbili, na redio imehamia kabatini. Asubuhi bado anawasha kuni kwa ugali wa watu wengi, lakini jioni anapika kwa gesi, na kikohozi cha usiku kimepungua ingawa hakijaisha wala hakitaisha.

Kabla sijaondoka alinituma kazi. "Ukifika Nairobi, niulizie bei ya maharagwe." Nilikwenda Nyamakima nikauliza maduka manne ya nafaka, nikampigia simu nikamtajia. Kukawa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba mnunuzi aliyefika Kegonga wiki ile alikuwa akitoa nusu ya bei hiyo, na gorogoro lake lilikuwa na kitako kilichotokeza nje.